Kidakuzi, Kufuli na Hali Fiche: Historia ya Faragha katika Kivinjari na Istilahi Zake za Kiswahili

Mwaka 1994 Lou Montulli, mhandisi kijana wa kampuni ya Netscape huko California, alikuwa na tatizo la kumbukumbu. Wavuti wa wakati ule haukumkumbuka mtu. Kila ukurasa ulipofunguliwa, seva ilimpokea mtumiaji kana kwamba haijawahi kumwona. Mnunuzi aliyetia bidhaa kikapuni katika ukurasa mmoja alikuta kikapu kitupu katika ukurasa uliofuata. Montulli alipendekeza seva iandike alama fupi ndani ya kompyuta ya mtumiaji, kisha kivinjari kiirudishe alama hiyo kila mtumiaji anaporejea. Wahandisi wa mifumo ya Unix walikuwa tayari na jina la mzaha kwa kijipande cha data kinachopokezanwa namna hiyo, jina lililotokana na biskuti. Montulli akaliazima, na Kiingereza kikabaki na jina tamu kwa chombo ambacho baadaye kiligeuka kuwa msingi wa ufuatiliaji wa kibiashara duniani.

Kiswahili hakikuifuata biskuti hiyo. Istilahi iliyoenea katika vivinjari vilivyotafsiriwa ni kidakuzi, wingi vidakuzi. Mzizi wake ndio ule wa kudakua, yaani kutoboa siri. Wa mdakuzi, mtu wa kuchunguza mambo ya wenzake. Na wa udaku, neno ambalo msomaji yeyote wa magazeti ya mitaani Dar es Salaam analifahamu bila kamusi. Ni nadra istilahi ya Kiswahili kueleza hatari ya kitu waziwazi kuliko lugha ya asili ya istilahi hiyo. Mtumiaji anayeulizwa kwa Kiingereza kama atapokea biskuti hana sababu ya kushtuka. Anayeulizwa kama ataruhusu vidakuzi amekwisha kuonywa, ikiwa tu atalisikia neno lenyewe na si kulipita kama alama ya kigeni.

Onyo hilo lilistahili. Katika Februari 1996 gazeti la Financial Times la London liliueleza umma kuhusu vidakuzi, ambavyo hadi wakati huo vilikuwa vikifanya kazi kimyakimya. Lililozidi kuwatia hofu wataalamu ni kidakuzi cha mtu wa tatu. Ukurasa mmoja huweza kubeba tangazo linalotoka kwenye seva nyingine kabisa, na seva hiyo nayo huandika alama yake. Kampuni ya matangazo iliyotandaza picha zake katika tovuti elfu moja humtambua msomaji yule yule katika zote elfu, ingawa yeye anadhani alizitembelea mojamoja. Mwongozo wa kiufundi wa RFC 2109, uliotolewa Februari 1997, ulitaka vidakuzi vya aina hii vizuiwe tangu mwanzo, bila kumngoja mtumiaji aombe. Watengenezaji wa vivinjari hawakuutii. Ilipita zaidi ya miaka 20 kabla ya Firefox kuanza kuwazuia wafuatiliaji wanaojulikana kwa watumiaji wote mwaka 2019, na Safari kuvizuia kabisa vidakuzi vya watu wa tatu mwaka 2020. Google ilitangaza mwaka huo huo wa 2020 kwamba Chrome ingefuata, kisha Julai 2024 ikaachana na mpango huo. Katika kivinjari hicho jukumu limebaki kwa mtumiaji: ni yeye wa kuingia kwenye mipangilio na kuvizuia.

Alama ya pili katika historia hii ni kufuli. Netscape ilipotoa itifaki ya SSL mwaka 1995, kivinjari chake kilionyesha ufunguo mzima pale mawasiliano yaliposimbwa, na ufunguo uliovunjika pale yalipokuwa wazi. Kufuli lilikuja baadaye likauondoa ufunguo, na hapo maana ikapotoka. Kufuli lilisema jambo moja tu, kwamba anayedukiza njiani hawezi kuyasoma yanayopita. Halikusema kwamba aliye upande wa pili ni mwaminifu. Tangu vyeti vya usimbaji vilipoanza kutolewa bure, tapeli anayeigiza tovuti ya benki naye hupata kufuli lake. Chrome iliiondoa alama hiyo kwenye upau wa anwani mwaka 2023 kwa sababu watu wengi waliifasiri kuwa cheti cha uaminifu. Kwa hiyo ushauri ambao bado husikika katika mafunzo, "angalia kufuli", hautoshi. Cha kusoma ni anwani, herufi kwa herufi.

Istilahi ya tatu ndiyo inayodai uangalifu zaidi. Safari ilianzisha kuvinjari kwa faragha mwaka 2005. Chrome ikafuata mwaka 2008 na dirisha ambalo kwa Kiswahili limeitwa la hali fiche. Ikiwa kidakuzi kilionya kuliko asili yake, hapa tafsiri imeahidi kuliko chombo kinavyotoa. Jambo fiche, kwa msemaji wa Kiswahili, halionekani na mtu. Dirisha hili humficha mtumiaji kwa atakayekalia kompyuta ile ile baada yake: historia haihifadhiwi, na vidakuzi hufutwa dirisha linapofungwa. Kwenye kompyuta ya mkahawa wa intaneti, inayopita mikono mingi kwa siku, hiyo ni kinga ya kweli wala si ya kubezwa. Lakini tovuti, mtoa huduma wa mtandao na mwajiri anayesimamia mtandao wa ofisi bado huweza kuona. Mwaka 2020 Google ilishtakiwa Marekani kwa kukusanya data za watu waliokuwa ndani ya dirisha hilo. Katika makubaliano ya mwaka 2024 ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu na kurekebisha maelezo yake. Walalamikaji walikuwa wamelisoma jina la Kiingereza. Msomaji wa "fiche" ana haki ya kudai maelezo yenye uzito huo huo katika lugha yake.

Suala hilo ni la sera pia. Kenya na Uganda zilitunga sheria za ulinzi wa data mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania, kwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, mwaka 2022. Zote zimeipa idhini ya mhusika nafasi kubwa. Katika Kiswahili cha sheria neno lake ni ridhaa, lenye undugu na radhi: moyo umetulia, mtu ameelewa na ameafiki. Kitufe kinachojitokeza kwenye skrini husema "Kubali vyote". Kukubali kunaweza kuwa kwa uchovu, kwa haraka au kwa heshima tu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, na mamlaka za ulinzi wa data za nchi wanachama zingeweza kuanza na kazi ndogo: kuwapa watumiaji wa Kampala, Kigali na Bujumbura vitufe hivyo vya Kiswahili, na kuwauliza wanadhani wameruhusu nini.