Swali la Pili

Utafiti mwingi ni mazungumzo marefu. Mtu anauliza, anajibiwa nusu, halafu mwingine, labda miaka arobaini baadaye, anauliza swali linalofuata. Ukitaka kuona vile hii kitu hufanya kazi, shuka Isinya kwenye barabara ya Namanga, uangalie nyika za Athi-Kaputiei.

Wafugaji wa Kimaasai walijua kitambo: nyumbu wakizaa, hamisha ng'ombe. Ukimwacha alishe pale nyumbu wamezalia, baadaye anatoka kamasi, macho yanaingia ukungu, anakufa. Makaburu wa Afrika Kusini waliuita snotsiekte, yaani ugonjwa wa kamasi. Hilo jibu la kwanza halikutoka maabara.

Swali la pili: ni nyumbu kweli, ama ni nyasi tu? Mwaka 1923, R. W. M. Mettam alionyesha huko Afrika Kusini kwamba damu ya nyumbu ikidungwa ng'ombe inaweza kumletea ugonjwa. La tatu: ndani ya hiyo damu kuna nini? Mwaka 1960, Walter Plowright na wenzake wa Muguga, hapo nje ya Nairobi, walitangaza katika jarida la Nature kwamba wamekipata kirusi ndani ya nyumbu. Ni Plowright huyohuyo wa chanjo ya sotoka.

La nne: kirusi kinatokea wapi? Wafugaji wengi walisema kondo la nyuma. Mwaka 1980, Mushi, Karstad na Jessett waliripoti kukipata kwenye machozi na kamasi za ndama wa nyumbu. Kondo nalo lilipopimwa, halikuonekana kuwa njia kuu. Kwa hivyo wazee walikuwa sawa kuhusu mahali na msimu. Kilichobadilika ni kiungo tu.

Sasa, nani angeweza kuufuata huu mnyororo? Kwa muda mrefu, ni mwenye maktaba. Index Medicus, orodha ya makala za utabibu, ilianza 1879 ikiwa vitabu vizito. PubMed ilifunguliwa bure kwa umma 1997, Google Scholar ikaja 2004, na 2009 nyaya za intaneti zikafika Mombasa kupitia baharini. Lakini kisanduku cha kutafutia kilitaka ujue tayari jina la kitaalamu la ugonjwa, ambalo hutalisikia sokoni Isinya. Ukiandika "nyumbu" peke yake, Kiswahili chenyewe kinakuchezea: nyumbu wa mbugani ama yule mtoto wa punda na farasi? Na ukipata makala, mara nyingi unaambiwa ulipe. Nilipoacha chuo, neno-siri la maktaba lilikufa pamoja na kitambulisho. Najua huo mlango ukifungwa unasikikaje.

Ndiyo maana hizi mashine za kuongea nazo, zilizosambaa tangu mwisho wa 2022, ni kitu kubwa kwetu. Unaanza na "ng'ombe anatoka kamasi na kuna nyumbu karibu", inakupa jina, unaongeza "hao ndama huambukiza wakiwa na umri gani?", mazungumzo yanaendelea. Hakuna anayekuuliza cheti.

Shida ni kwamba mashine hujibu kwa sauti ileile ikijua na isipojua. Novemba 2022, kampuni ya Meta ilitoa Galactica, mashine iliyofunzwa kwa makala za sayansi. Ilitunga mambo kwa lugha ya kitaalamu, na baada ya siku tatu watu walifungiwa. Mpaka leo mashine za aina hii zinaweza kukutajia makala ambayo haijawahi kuandikwa.

Kwa mfugaji, hiyo si stori ya mtandaoni. Ng'ombe akishaugua huu ugonjwa, tiba hakuna, na ng'ombe mmoja ni karo ya muhula. Kuhama nako kumekuwa ngumu, kwa sababu kati ya Kitengela na Isinya seng'enge zinaongezeka kila mwaka.

Basi uliza kama Muguga walivyouliza. Nani alipima? Mwaka gani? Alipima mnyama yupi, na sehemu gani ya mwili? Kuna aliyepima tena akapata tofauti? Halafu chukua hicho kichwa cha makala, ukitafute mwenyewe nje ya mazungumzo. Kisipopatikana, usihamishe hata ndama mmoja kwa sababu yake. Mpigie daktari wa mifugo, na umuulize mzee wa hapo nyumbu walizalia wapi mwaka jana.