Magazeti ya Zamani ya Bonde na Tanga

Wengi wakisikia habari za magazeti ya kwanza ya Kiswahili hudhani ya kuwa yote yalitoka katika miji mikubwa. Sivyo. Katika miaka ya 1890 gazeti liitwalo Habari za Mwezi lilitoka Magila, mahali pa mashamba katika nchi ya Bonde, chini ya milima ya Usambara. Watu wa huko walisema Kibondei nyumbani kwao. Lakini lilipofika neno la kuandikia watu wa mbali, walishika Kiswahili.

Gazeti hilo lilikuwa na kaka yake, Msimulizi, lililoanzishwa Kiungani, Unguja, mwaka 1888, katika chuo cha misioni. Vijana wa Kiungani walipelekwa kufundisha Bonde, Masasi na pande za Nyasa, wakatengana safari ya majuma mengi. Msimulizi likawakusanya tena kwa karatasi: kila kituo kilileta habari zake, na kila kituo kikasoma za wenzake. Jina lake lafaa sana, maana asimuliaye hasemi kwa amri; hueleza yaliyotukia, naye msikilizaji huamua mwenyewe.

Mwanzoni mwa karne ya 20 likatokea la tatu, katika shule ya serikali ya Wadachi huko Tanga, nalo likaitwa Kiongozi. Tazameni jinsi majina yalivyobadilika: wa kwanza asimulia, huyu aongoza. Lilikuwa gazeti la serikali, wala halikuficha. Vita vya Maji Maji vilipowaka mwaka 1905, asingetazamia mtu kusoma humo maneno ya waliopigana na serikali.

Hata hivyo sisi twaona ya kuwa thamani yake haimo katika maneno ya wakubwa, bali katika barua. Waliosoma Tanga walitawanyika wakawa walimu, makarani na maakida, nao waliandika kutoka vituo vyao. Reli ilikuwa imefika Muheza mwaka 1896, Korogwe 1902, na Mombo 1905. Palipokuwa na stesheni barua iliweza kupanda gari la moshi, pasipokuwa na reli ilichukuliwa kwa miguu. Hivyo mahali padogo, pasipoandikwa katika vitabu vya wageni ila kwa hesabu ya kodi, pakapata kutajwa na mtu akaaye hapo. Kiswahili chao si cha kamusi. Waliandika miaka mingi kabla ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuchagua Kiunguja kiwe msingi wa lugha sanifu, na kila mmoja aliandika akiwa na lugha ya mamaye nyuma ya ulimi. Wako wanaoona hayo kuwa makosa. Kwetu sisi ni ushahidi.

Jambo moja lilikuwa chungu. Watu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu zamani, nyaraka na tenzi. Magazeti haya yote yalipigwa chapa kwa herufi za Kizungu. Basi mzee wa Tanga aliyejua kuandika waraka mzuri kuliko mjukuu wake alijikuta hawezi kusoma gazeti la mji wake, akamwita mtoto amsomee. Shule ilimhesabu mtoto kuwa ndiye msomi.

Mwaka 1916 Waingereza waliutwaa mji wa Tanga, na Kiongozi likakoma. Hata kabla ya hapo magazeti yalikuwa yameanza kuhamia mji mkuu: Pwani na Bara na Rafiki Yangu yalianza Dar es Salaam mwaka 1910. Huko ndiko lilikotoka Mambo Leo pia, Januari 1923. Mtu wa Muheza mwenye neno la kusema aliweza kuliandikia, na barua yake ikapokewa pamoja na za nchi nzima. Lakini gazeti la Magila, lililopigwa chapa karibu na shamba lake, halikuwapo tena.