Ruta ya Waya na Kasi ya Matundu Yake

Ruta ya waya ni kifaa kinachounganisha mitandao miwili au zaidi na kuamua kila pakiti ya data ipite wapi, bila chenyewe kurusha Wi-Fi. Nyingi za bei nafuu zina matundu matano: moja hupokea intaneti kutoka kwa mtoa huduma, mengine huelekea kwenye kompyuta, printa au swichi. Swichi ni kitu kingine. Yenyewe huunganisha tu vifaa vya mtandao mmoja.

Wapo wanaoiandika ruta kuwa kisambaza data, lakini swichi nayo husambaza data. Kipanga njia kinaeleza kazi yenyewe vizuri zaidi, na kinafaa darasani. Dukani, ruta imeshazoeleka, na sioni sababu ya kuiondoa.

Kazi ipo kwenye kile mafundi wanachokiita poti. Kiingereza hutumia neno moja kwa vitu viwili: mahali pa kuchomeka waya, na namba inayotambulisha huduma ndani ya kompyuta, kama 443 ya tovuti salama. Sisi tunaweza kuvitenganisha: tundu liwe la kuchomekea, poti iwe ya namba. Bandari, inayojitokeza katika baadhi ya tafsiri, humpeleka msomaji kwenye meli za Tanga na haimsaidii mnunuzi.

Kasi ya tundu hupimwa kwa megabiti kwa sekunde. Pakiandikwa 10/100, mwisho wake ni megabiti 100, yaani megabaiti 12.5 kwa sekunde. Pakiandikwa 10/100/1000, ni tundu la gigabiti. Viwango hivi si vipya: cha 100 ni cha mwaka 1995, cha gigabiti kwa waya wa shaba ni cha 1999. MikroTik ya Latvia, kwa mfano, hutengeneza hEX lite yenye matundu matano ya 100, na hEX yenye matano ya gigabiti kwa bei ya juu kidogo.

Mji kama Lushoto, katika milima ya Usambara mkoani Tanga, una sababu zake za kupenda waya. Kuta nene za mawe za majengo ya enzi za Wajerumani, mji ulipoitwa Wilhelmstal, hudhoofisha sana Wi-Fi. Waya mmoja wa shaba hufika mita 100 bila shida hiyo. Lakini waya nao ukaguliwe. Ukivua ganda lake utakuta nyuzi nane zilizosokotwa jozi jozi: chungwa, kijani, buluu na kahawia. Kwa ufungaji wa kawaida, megabiti 100 hupita kwenye jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani. Gigabiti huzitaka zote nne. Uzi mmoja wa kahawia ukikatika ndani ya plagi, mara nyingi tundu la gigabiti hushuka hadi 100, na mwenye duka hudhani ameuziwa ruta mbovu.

Kasi ya mtandao ni kama safari ya kupanda kwenda Lushoto kutoka Mombo kupitia Soni: lori zito likitangulia kwenye kona, magari yote nyuma yake hufuata mwendo wake. Duka la steshenari lenye kifurushi cha megabiti 20 halitapata zaidi ya 20 hata likinunua ruta ya gigabiti. Shule yenye masomo ya video kwenye seva yake, yanayofunguliwa na darasa zima kwa pamoja, ina mzigo wa ndani, na mzigo huo unapita kwenye swichi. Hapo swichi ya gigabiti pamoja na ruta ya 100 ni matumizi mazuri ya fedha. Kifurushi kikikaribia megabiti 100, au kikitarajiwa kukua, ndipo ruta ya gigabiti inapostahili bei yake. Hata hivyo uliza pia uwezo wa prosesa, kwa sababu kuchuja data na kumgawia kila mteja kasi yake ni kazi ya prosesa. Matundu yenye kasi hayaifanyi.

Ndiyo maana istilahi hizi si za wataalamu peke yao. Muuzaji akibandika kwenye boksi "ruta ya waya, matundu 5, megabiti 100 kila moja", mwalimu au mwenye nyumba ya wageni ataweza kulinganisha na kifurushi chake, na kuamua mwenyewe kabla ya kutoa fedha.