Risasi Zilizoharibika na Mikono Isiyotajwa: Kazi ya Moshi Mpya Mwaka 1915 na Funzo Lake kwa Uteketezaji wa Risasi Chakavu Tanzania

1.0 Utangulizi

Historia ya silaha katika Afrika Mashariki imezoea kusimuliwa katika hatua mbili: silaha zinaingia, kisha zinatumika. Hatua ya tatu, yaani yale yanayotokea baada ya risasi kuzeeka, kulowa au kubaki bila kazi, huachwa kwa mafundi na watunza ghala. Makala haya yanachunguza hatua hiyo ya tatu kwa kutumia tukio moja lililotokea Moshi Mpya, chini ya Mlima Kilimanjaro, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 shehena kubwa ya risasi zilizoingiwa na maji ya bahari ilifunguliwa, ikasafishwa na kufungwa upya kwa mikono ya askari na wenyeji, kazi iliyochukua miezi kadhaa.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba risasi iliyoharibika ni jambo la kijamii kabla ya kuwa jambo la kiufundi. Swali la msingi ni nani anayewekwa karibu na hatari yake, na kama mtu huyo anaingia katika hesabu ya mwenye risasi. Swali hilo linaiunganisha Moshi ya mwaka 1915 na vitongoji vya Dar es Salaam vilivyokumbwa na milipuko ya maghala ya kijeshi miaka ya 2009 na 2011.

2.0 Baruti katika Miteremko ya Kilimanjaro kabla ya 1914

Bunduki zilifika Kilimanjaro kwa njia ya misafara ya biashara kutoka pwani. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, nguvu ya Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kama Mandara, na ile ya mpinzani wake, Mangi Sina wa Kibosho, ilitegemea kwa sehemu uwezo wa kupata bunduki na baruti. Baruti nyeusi ya wakati huo ilitengenezwa kwa chumvi ya shura, salfa na makaa. Ikihifadhiwa pakavu hudumu muda mrefu. Ikipata unyevu hupoteza nguvu. Kwa hiyo katika miteremko yenye mvua nyingi na ukungu, kumiliki gobori hakukutosha. Mwenye nguvu alikuwa yule aliyeweza pia kuiweka baruti yake katika hali ya kufaa.

Dola za Ulaya zilitambua ukweli huo. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulizuia uingizaji wa bunduki za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaagiza kwamba silaha na baruti zinazoingizwa ziwekwe katika maghala ya umma chini ya usimamizi wa serikali. Ghala la risasi lilikuja kuwa chombo cha kutawala. Mwaka 1891 jeshi la Wajerumani lilimshinda Sina. Mwaka 1892 wapiganaji wa Mangi Meli, mwana wa Rindi, waliwashinda Wajerumani katika pambano ambalo von Bülow aliuawa, lakini mwaka uliofuata Gavana von Schele alirejea na jeshi kubwa zaidi na kumshinda Meli. Tangu hapo mamlaka juu ya baruti katika mlima huo yalihamia boma la Wajerumani. Aliyeshika ufunguo wa ghala ndiye aliyeamua pia nani awe karibu nalo.

3.0 Shehena ya Ghuba ya Manza

Vita vilipoanza mwaka 1914, Kilimanjaro ilikuwa mpakani. Reli ya Usambara kutoka Tanga ilikuwa imekwisha kufika Moshi Mpya, mji uliokua bondeni, chini ya Moshi ya Kale ya akina Rindi na Meli. Baada ya ushindi wa Tanga mwezi Novemba 1914, Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani, aliweka makao yake Moshi Mpya.

Tatizo lake kubwa lilikuwa risasi. Makombania mengi ya askari yalitumia bunduki za aina ya mwaka 1871, zilizopiga kwa baruti nyeusi. Moshi wake mzito ulimfichua mpigaji mara tu alipofyatua. Manowari za Uingereza zilikuwa zimefunga njia ya bahari. Katika pambano la Jassin, Januari 1915, jeshi hilo lilitumia takribani risasi 200,000, na Lettow-Vorbeck akakiri katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1920 kwamba kwa akiba aliyokuwa nayo angeweza kupigana mapambano ya aina hiyo matatu zaidi kwa wingi. Katika hali hiyo, hakuna risasi iliyoweza kuitwa taka.

Mwezi Aprili 1915 meli Rubens, iliyosafiri ikijifanya meli ya Denmark kwa jina la Kronborg, ilikaribia pwani ikiwa na makaa ya mawe kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, pamoja na bunduki za kisasa na risasi zake. Manowari ya Uingereza, Hyacinth, iliigundua na kuifukuza hadi Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Kapteni wake, Carl Christiansen, aliizamisha katika maji ya kina kifupi, na moto uliowaka juu ya meli ukawafanya Waingereza waamini kwamba imekwisha kuteketea. Waliondoka. Katika wiki zilizofuata shehena iliopolewa, lakini sanduku za risasi zilikuwa zimekaa chini ya maji ya chumvi.

4.0 Kazi ya Moshi Mpya

Ili kuelewa kilichofuata, inafaa kueleza muundo wa risasi. Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, kichwa kinachoruka, baruti iliyo ndani ya ganda, na fataki iliyo kwenye kitako. Kijiti cha bunduki kinapogonga fataki, fataki huwasha baruti, na gesi yake hukisukuma kichwa. Maji ya bahari yanapopenya, baruti na fataki huharibika. Risasi ya namna hiyo huweza kugoma, na askari aliyeitegemea hubaki bila kinga wakati anapoihitaji zaidi.

Kwa mujibu wa Lettow-Vorbeck, idadi ya risasi zilizogoma iliongezeka hadi ikalazimu kuzifungua zote, kusafisha baruti na kubadilisha baadhi ya fataki kwa zile zilizopatikana katika maghala mengine ya koloni. Kazi ilifanyika Moshi Mpya. Askari na wenyeji wengine wote walioweza kupatikana walitumiwa, tangu asubuhi hadi jioni, kwa miezi kadhaa.

Baada ya kufungwa upya, risasi ziligawanywa kwa ubora. Zile zilizokuwa nzima tangu mwanzo ziliwekwa kwa ajili ya bunduki za rashasha pekee. Zilizotengenezwa upya na kugoma kwa takribani asilimia 20 ziliwekwa kwa ajili ya mapigano, na zilizogoma zaidi ya hapo zilitumika kwa mazoezi ya shabaha. Kwa upande wa ufundi, huu ulikuwa utaratibu makini. Ulikuwa na mambo matatu ambayo hata leo ni msingi wa usimamizi wa risasi: kukagua, kujaribu, na kupanga kila fungu kulingana na hali yake.

Hata hivyo, uchambuzi wa simulizi hiyo unaonyesha pengo. Asilimia ya risasi zilizogoma ilihesabiwa na kuandikwa. Watu waliozifungua wanatajwa kwa ujumla tu, bila majina, idadi, ujira wala masharti ya kazi. Fataki ndiyo sehemu ya risasi inayolipuka kwa urahisi kuliko zote, na kazi ya kuitoa na kuirudisha, siku baada ya siku, humweka mfanyakazi karibu na mlipuko wa fataki, vumbi la baruti na moto. Katika maelezo ya kamanda, kuharibika kwa risasi ni hasara ya jeshi, ilhali hatari ya kuzirekebisha haionekani kuwa hasara ya mtu yeyote.

Pengo hilo linaendana na namna historia ya eneo hilo ilivyoandikwa. Kitabu cha Kathleen Stahl cha mwaka 1964 kuhusu historia ya Wachaga kimejengwa juu ya umangi na watawala wake. Maandishi ya vita nayo yamejengwa juu ya makamanda. Mfanyakazi aliyekaa juu ya mkeka au benchi akifungua risasi haonekani katika upande wowote. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokusanya masimulizi ya Vita vya Maji Maji miaka ya mwisho ya 1960, walithibitisha kwamba kumbukumbu za watu wa kawaida zinaweza kubadilisha historia rasmi. Mtazamo huo unastahili kuelekezwa pia kwenye kazi za nyuma ya vita.

5.0 Machi 1916: Kinachobaki Ardhini

Matunda ya kazi ya Moshi Mpya yalitumika karibu na hapo. Mwezi Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yaliingia Taveta, yakapigana usiku wa tarehe 11 Machi katika vilima vya Latema na Reata, kisha yakaingia Moshi siku chache baadaye. Wajerumani walirudi nyuma hadi Kahe, ambako pambano la tarehe 21 Machi lilifuatiwa na kuondoka kwao kuelekea kusini. Daraja la reli lilivunjwa, na mzinga mzito uliotoka kwenye manowari Königsberg ulilipuliwa na wenyewe kwa sababu haukuweza kuhamishwa.

Kulipua mzinga huo ni aina ya pili ya kushughulikia zana zisizohitajika: kuziharibu ili adui asizipate. Kama ilivyokuwa kwa ukarabati wa risasi, kipimo kilikuwa mahitaji ya jeshi. Usalama wa wakazi wa baadaye haukuwa sehemu ya uamuzi. Lakini jeshi huhama, na mkulima hubaki na ardhi. Kombora lililopigwa bila kulipuka linaweza kubaki na hatari kwa miongo mingi, kwa kuwa kutu hula chuma pasipo lazima kuiondoa nguvu ya kilipuzi kilichomo. Ndiyo maana kanuni inayotolewa kwa wakazi wa maeneo ya vita duniani kote ni moja: kitu kinachoshukiwa kisiguswe, kisihamishwe wala kuchomwa, mahali pake pawekewe alama kwa mbali na taarifa itolewe kwa polisi au uongozi wa kijiji.

6.0 Kutoka Moshi Mpya hadi Mbagala na Gongo la Mboto

Katika karne ya 20 baruti isiyo na moshi ilichukua nafasi ya baruti nyeusi, na ikaleta aina mpya ya uchakavu. Baruti hiyo huoza polepole hata ikiwa pakavu. Hutengenezwa pamoja na kemikali ya kuituliza, lakini kemikali hiyo hupungua kadiri miaka inavyopita, na joto huharakisha upungufu huo. Ikikaribia kwisha, baruti huweza kupata joto yenyewe na kuwaka bila kuguswa. Risasi ya mwaka 1915 iliyoharibika iligoma. Baruti ya kisasa iliyozeeka ghalani inaweza kuwaka pasipo kufyatuliwa. Kwa sababu hiyo, kitovu cha hatari kimehama kutoka mikononi mwa mfanyakazi hadi katika makazi yanayozunguka ghala.

Afrika imelipa gharama ya mabadiliko hayo. Milipuko ya Ikeja, Lagos, mwezi Januari 2002, Malhazine, Maputo, mwezi Machi 2007, na Mpila, Brazzaville, mwezi Machi 2012, yote ilitokea katika maghala ya kijeshi yaliyokuwa ndani ya miji. Nchini Tanzania, tarehe 29 Aprili 2009 maghala ya kambi ya Jeshi la Wananchi iliyoko Mbagala yalilipuka, na tarehe 16 Februari 2011 yakafuata ya Gongo la Mboto. Katika kila tukio zaidi ya watu 20 walipoteza maisha, nyumba nyingi zilibomoka, na makombora yaliruka hadi katika viwanja vya watu. Katika tukio la pili maelfu ya wakazi walikimbia usiku, na wengi wakahifadhiwa katika Uwanja wa Uhuru huku wazazi wakitafuta watoto waliopotezana nao.

Haihitajiki kuamua chanzo cha cheche ya kwanza ili kuona kufanana kwa matukio haya na historia ya Moshi Mpya. Waliobeba hatari hawakuwa wenye risasi, na hawakushirikishwa katika uamuzi wa mahali pa kuziweka au muda wa kuzihifadhi.

Hatua zilizochukuliwa kimataifa zinajaribu kugeuza mpangilio huo. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Tanzania ni mshirika wake, inazitaka nchi wanachama kudhibiti silaha ndogo na kuteketeza zile za ziada. Mwongozo wa kiufundi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2011 unaeleza umbali unaotakiwa kati ya ghala na makazi, upimaji wa baruti kwa mafungu, na njia za uteketezaji: kuchoma au kulipua mahali pa wazi chini ya wataalamu, au kutenganisha risasi kiwandani na kurejesha shaba na chuma. Mwezi Desemba 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha mfumo wa kusimamia risasi katika maisha yake yote, tangu kutengenezwa hadi kuteketezwa. Kwa raia mwenye risasi za zamani nyumbani, njia salama ni kutoa taarifa kituo cha polisi kabla ya kuzibeba. Hazifai kuzikwa, kutupwa mtoni wala kuchanganywa na taka za kuchoma.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba kazi ya Moshi Mpya ya mwaka 1915 ilitangulia, kwa ufundi wake, mambo mengi yanayotakiwa leo: ukaguzi, majaribio na upangaji wa mafungu. Kilichokosekana hakikuwa maarifa. Kilichokosekana ni kumhesabu mtu aliye karibu na risasi kwa uangalifu uleule uliotumika kuhesabu risasi zenyewe.

Baada ya milipuko, msemo kwamba ajali haina kinga husikika kwa urahisi. Historia hii haiungi mkono matumizi yake hapa. Risasi ina umri, baruti ina kipimo, ghala lina umbali wake kutoka nyumba ya kwanza, na yote hayo hujulikana kabla ya mlipuko. Kwa hiyo kumbukumbu za ghala lolote zinapaswa kuonyesha, pamoja na idadi ya sanduku na tarehe za kutengenezwa, watu wanaozishika na watu wanaolala jirani nazo. Kwa mwanahistoria, kuwarudisha wafanyakazi wa Moshi Mpya katika simulizi ni mwanzo wa hesabu hiyo.