Kutema, rashi na leseni: historia ya kuwahi katika nchi ya dhahabu

Kharumwa, makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale mkoani Geita, imezungukwa na dhahabu. Kaskazini-magharibi kuna mgodi wa Geita. Ukishavuka mpaka wa Mkoa wa Shinyanga, kuna ule wa Bulyanhulu. Katika ukanda huu, habari ikivuma kwamba dhahabu imeonekana shambani kwa mtu, hazipiti siku nyingi kabla pale pahala hapajajaa sururu, maturubai na pikipiki. Wachimbaji wanaiita hali hiyo rashi. Maofisa wa madini wanaandika mfumuko. Aliyefika kwanza anashika duara, yaani shimo la kuchimbia, penye mwamba mzuri. Aliyechelewa huenda akaambulia marudio, ule mchanga ambao wenzake wameshauosha.

Aliyetangulia ana haki gani? Kila zama iliyopita juu ya ardhi hii imelijibu swali hilo kwa namna yake, na kila jibu limetuachia neno.

Neno kongwe ni mtemi. Wasukuma, Wasumbwa na Wanyamwezi walimwita mtawala wao ntemi, na asili ya jina hilo inahusishwa na kitenzi kutema, yaani kukata. Wapo wanaosema ni kukata mashauri. Wengine wanasema ni kukata miti: mtemi wa kwanza alikuwa yule aliyeingia porini na shoka, akafyeka, akafungua nchi. Kiswahili nacho kinakijua kitenzi hicho, ndiyo maana tunatema kuni. Tukiifuata maana hiyo ya pili, kutangulia kulikuwa ni jasho, na jasho hilo lilizaa wajibu. Aliyefungua nchi ndiye aliyetazamiwa kuwapa waliokuja nyuma pa kujenga na pa kulima. Utawala wa machifu ulifutwa mwaka 1963, lakini neno halikufutika.

Kiswahili kilipopanda bara na misafara ya biashara, kilibeba hekima ya wavuvi na wafinyanzi. Samaki mkunje angali mbichi. Udongo uwahi ungali maji. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako. Wafanyabiashara wa leo wameongeza wao: biashara asubuhi, jioni mahesabu. Zisikilize vizuri methali hizi. Zinatuhimiza tuiwahi kazi kabla wakati wake haujapita. Hakuna hata moja inayotufundisha kumwahi jirani ili akose. Tena ipo moja inayomkanya mwenye kasi: kutangulia si kufika.

Kiingereza kiliokota semi zake kwingine. Usemi "head start", ambao vijana wetu wanautumia sana siku hizi, ulitoka kwenye mbio za farasi mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1965 Rais Lyndon Johnson wa Marekani aliupa mpango wa kuwaandaa watoto wa maskini kabla hawajaanza shule. "Steal a march", yaani kuiba mwendo, ni usemi wa vita: jeshi linasonga kimyakimya ili adui azinduke na kulikuta limeshafika. Kanuni ya aliyetangulia ahudumiwe kwanza ina mizizi kwenye mashine za kusaga nafaka za Ulaya, na mshairi Chaucer aliitaja mwishoni mwa karne ya 14. Mbio, vita na foleni: katika kila picha yupo anayeshinda na yupo anayeachwa.

Kisha dhahabu ikaongeza semi zake. Januari 1848 dhahabu ilionekana California, na mwaka uliofuata watu wakamiminika kutoka pande zote za dunia. Wachimbaji walijitungia kanuni: pigilia vigingi, fanya kazi, eneo ni lako. Hapo ndipo Waingereza na Wamarekani walipopata usemi wao wa kupigilia kigingi wakiwa na maana ya kudai haki. Miaka 41 baadaye, tarehe 22 Aprili 1889, serikali ya Marekani ilifungua ardhi ya Oklahoma kwa walowezi. Walitakiwa kungoja mpakani mpaka saa sita mchana, ndipo wakimbilie viwanja. Baadhi waliingia kabla ya saa, wakajificha, na wenzao walipofika waliwakuta wameshajikatia maeneo. Waliitwa "sooners", waliotangulia kabla ya wakati. Jina lililoanza kama shutuma leo ni la fahari, nalo Oklahoma inajiita kwa jina hilo. Lakini ardhi yenyewe ilikuwa imetengewa Wahindi Wekundu, waliokuwepo kabla ya wote. Hao hawakuhesabiwa kuwa wametangulia.

Hadithi hiyo haiko mbali na Kharumwa. Dhahabu ya Geita ilitangazwa na Wajerumani mwaka 1898. Mgodi wa kwanza wa Geita ulianza kuchimbwa mwaka 1936, chini ya Waingereza, ukafungwa mwaka 1966. Bulyanhulu ilijulikana katikati ya miaka ya 1970, na katika miaka iliyofuata maelfu ya wachimbaji wadogo waliishi pale, wakachimba maduara kwa mikono yao. Kwa mguu, wao ndio waliotangulia. Lakini mwaka 1994 leseni ilitolewa kwa kampuni ya kigeni, Sutton Resources ya Kanada, na Agosti 1996 wachimbaji wakaondolewa. Kampuni ya Barrick iliununua mgodi mwaka 1999, na uzalishaji ukaanza 2001.

Hapo ndipo maana ya kuwahi ilipogeuka katika ukanda huu. Mtemi aliwahi kwa shoka. Mchimbaji wa rashi aliwahi kwa sururu. Sheria ya madini inamtambua aliyewahi kwa karatasi: maombi mawili yakigongana juu ya eneo moja, kwa kawaida lililopokelewa kwanza ndilo linalotangulizwa. Sheria ya mwaka 1998, na baadaye ya 2010, ziliweka leseni ndogo ya uchimbaji kwa ajili ya Watanzania peke yao, na leo maombi yanapelekwa Tume ya Madini kwa njia ya mtandao. Mwenye simu na taarifa anaweza kumtangulia mwenye sururu aliyekesha shimoni.

Siioni karatasi kuwa adui. Bila leseni, aliyewahi leo anafukuzwa kesho, na Bulyanhulu ilitufundisha hivyo kwa uchungu. Ninachokikataa ni kanuni ya Oklahoma, ya kumpongeza aliyejificha kichakani na kumsahau mwenye shamba. Kama shoka la mtemi lilimpa wajibu, basi leseni nayo impe wajibu yule aliyeipata: mgawo wa haki wa mifuko ya mawe ya dhahabu kwa mwenye duara, kwa mwenye shamba na kwa aliyekuja na nguvu zake tu.

Kwa vijana wa Kharumwa, nina ombi moja. Rashi ijayo isiwakute na sururu peke yake. Jiungeni katika vikundi, zijueni ofisi za madini, ombeni leseni kabla duara la kwanza halijachimbwa. Udongo uwahi ungali maji. Na siku hizi, leseni nayo ni udongo.