Bob Hayes: Risasi ya Tokyo iliyowatesa mabeki wa Marekani

WAPENZI wa riadha wa Afrika Mashariki wanaikumbuka Michezo ya Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964 kwa sababu moja kubwa. Oktoba 16 mwaka huo, Wilson Kiprugut alishika nafasi ya tatu katika mbio za mita 800 na kuipatia Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki. Siku moja kabla yake, katika uwanja huohuo, kijana wa Kimarekani mwenye kifua kipana, ambaye vidole vya miguu yake vilielekea ndani kila alipokanyaga, alikuwa ameshinda mbio za mita 100 kwa namna ambayo haikuwa imewahi kuonekana katika michezo hiyo.

Kijana huyo, Robert Lee Hayes, maarufu kwa jina la utani la "Risasi", alikuwa na umri wa miaka 21. Siku sita baada ya ushindi huo alikimbia mbio za kupokezana vijiti, akatwaa medali ya pili ya dhahabu, na huo ukawa mwisho wake katika riadha ya ridhaa. Binadamu mwenye kasi kuliko wote duniani aliachana na mbio katika umri ambao wengine ndio kwanza huanza kujulikana, akaenda kucheza mpira.

Mpira unaozungumziwa hapa si kandanda yetu. Ni futiboli ya Kimarekani, mchezo wa mpira wenye umbo la yai unaochezwa zaidi kwa mikono. Mrushaji huurusha mpira mbele, mpokeaji hukimbia na kuudaka, na anayefanikiwa kuufikisha nyuma ya mstari wa mwisho wa wapinzani huipatia timu yake pointi sita. Kwa msomaji wa huku inatosha kuliita tukio hilo bao. Uwanja una urefu wa yadi 100, yaani takriban mita 91, na kila yadi hupiganiwa.

Hayes alizaliwa Desemba 20, 1942 mjini Jacksonville, jimbo la Florida, wakati ambapo sheria za ubaguzi wa rangi zilitawala maisha ya kusini mwa Marekani. Alisoma katika shule ya sekondari ya weusi ya Matthew Gilbert, na mwaka 1958 alikuwa mchezaji wa akiba katika timu ya shule hiyo iliyoshinda mechi zake zote 12. Kutoka hapo alijiunga na Chuo Kikuu cha Florida A&M, nacho cha weusi, chini ya kocha maarufu wa futiboli Jake Gaither. Jambo hili ni la kuzingatia, kwa kuwa wengi humdhania Hayes kuwa mkimbiaji aliyegeuzwa mchezaji wa mpira. Ukweli ni kinyume chake. Alikuwa mchezaji wa mpira tangu shuleni, na mbio zilikuja kuupita mchezo wake kwa muda tu.

Mashindano makubwa ya vyuo vya jimbo lake yalikuwa ya wazungu, na chuo chake hakikualikwa. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Miami kilimwalika, naye akaifikia rekodi ya dunia ya yadi 100 kwa muda wa sekunde 9.2. Mwaka uliofuata, mjini St. Louis, aliishusha hadi sekunde 9.1, muda ambao haukuvunjwa hadi mwaka 1974. Mapema mwaka 1964 akawa binadamu wa kwanza kukimbia yadi 60 chini ya sekunde sita.

Huko Tokyo, katika nusu fainali, saa za umeme zilionyesha sekunde 9.91. Muda huo haukuhesabiwa kuwa rekodi kwa kuwa upepo ulikuwa ukisukuma kutoka nyuma kwa kasi ya zaidi ya mita tano kwa sekunde. Katika fainali alipangiwa njia ya kwanza, iliyokuwa imechimbuliwa na washiriki wa matembezi ya kilomita 20. Uwanja wenyewe ulikuwa wa mavumbi ya makaa, kwani njia za kisasa za mpira zilikuwa bado hazijaingia Olimpiki. Kana kwamba hayo hayatoshi, kiatu chake kimoja cha njumu kilikuwa kimepotea. Bondia Joe Frazier, rafiki yake kambini, alikuwa amepekua mkoba wake na kukiangusha bila kujua, hivyo Hayes akalazimika kuazima.

Alishinda kwa takriban mita mbili. Muda rasmi ulikuwa sekunde 10.0, sawa na rekodi ya dunia, na saa za umeme zilisoma 10.06. Enrique Figuerola wa Cuba alikuwa wa pili na Harry Jerome wa Kanada wa tatu.

Wajuzi wengi, hata hivyo, huziweka mbele mbio za kupokezana vijiti za Oktoba 21. Paul Drayton, Gerry Ashworth na Dick Stebbins walitangulia, na kijiti kilipomfikia Hayes timu ya Marekani ilikuwa ya tano, mita kama tatu nyuma ya waliokuwa wakiongoza. Akawapita wote na kumaliza akiwa mbele kwa mita kama tatu. Makadirio ya muda wa sehemu yake yanatofautiana, kuanzia sekunde 8.5 hadi 8.9, kwa kuwa yalitokana na saa za mkononi. Alianza akiwa tayari katika mwendo, hivyo muda huo haulinganishwi na wa mita 100 za kawaida. Lakini mwenye shaka na atazame filamu ya mbio hizo. Timu ilimaliza kwa sekunde 39.06, rekodi mpya ya dunia.

Kwa nini basi aliacha? Jibu ni riziki. Michezo ya Olimpiki ya enzi hizo ilikuwa ya ridhaa, na mwanariadha aliyepokea malipo alipoteza haki ya kushiriki. Medali mbili za dhahabu hazikulipa kodi ya nyumba. Klabu ya Dallas Cowboys ilikuwa imekwishamchagua katika raundi ya saba ya uteuzi wa wachezaji wa vyuo wa mwaka 1964, ikiwa tayari kumsubiri amalize masomo.

Alianza msimu wa 1965 na hakuhitaji muda wa kuzoea. Alidaka mipira 46 iliyozaa yadi 1,003 na mabao 12. Msimu wa 1966 akadaka 64 kwa yadi 1,232 na mabao 13. Katika misimu yote miwili hakuna mpokeaji wa ligi hiyo, NFL, aliyemzidi kwa mabao. Novemba 13, 1966, dhidi ya timu ya Washington, alijikusanyia yadi 246 katika mechi moja, likiwemo bao la yadi 95 kutokana na mpira wa mrushaji Don Meredith. Rekodi hiyo ya klabu ilidumu hadi mwaka 2009, ilipovunjwa na Miles Austin.

Takwimu hizo hazielezi yote. Kazi ya beki siku zile ilikuwa kumkaba mpokeaji mtu kwa mtu: anapokwenda, nawe uende. Dhidi ya Hayes utaratibu huo haukuwezekana, kwani hapakuwa na beki duniani aliyeweza kukimbia naye. Timu pinzani zikalazimika kumpangia walinzi wawili au kugawana uwanja na kulinda maeneo, kila mmoja na sehemu yake. Ulinzi wa maeneo ulikuwepo kabla yake, lakini yeye ndiye aliyeufanya uwe wa lazima. Na walinzi wawili walipomfuata yeye, wenzake walibaki huru, jambo ambalo haliandikwi katika hesabu ya mchezaji yeyote.

Si kwamba hakuwa na siku mbaya. Desemba 31, 1967 mjini Green Bay, fainali ya ligi ilichezwa katika baridi ya takriban nyuzi 25 chini ya sifuri. Inasimuliwa kwamba Hayes aliingiza mikono ndani ya suruali kila ambapo mpira haukuwa wake, na wapinzani wakasoma ishara hiyo upesi. Dallas ilifungwa pointi 21 kwa 17. Ilibidi kusubiri hadi Januari 16, 1972, Dallas ilipoichapa Miami Dolphins 24 kwa 3 katika Super Bowl. Siku hiyo Hayes alikuwa mtu wa kwanza kuwa na dhahabu ya Olimpiki na pete ya ubingwa wa Super Bowl.

Wakimbiaji wengine waliona njia hiyo wakaifuata. Jim Hines, bingwa wa mita 100 wa mwaka 1968, alikwenda Miami na kudaka mipira miwili tu. Tommie Smith, bingwa wa mita 200 mwaka huohuo, alidaka mmoja akiwa Cincinnati. Hata katika soka, Usain Bolt alifanya majaribio na Central Coast Mariners ya Australia mwaka 2018, akafunga mabao mawili katika mechi ya kirafiki, kisha akaondoka bila mkataba. Kasi ya miguu haimfundishi mtu kudaka mpira huku akigongwa. Hayes alikuwa ameyajua hayo akiwa Jacksonville.

Mwaka 1975 alihamishiwa San Francisco na kuachwa baada ya mechi chache. Alikuwa amedaka mipira 371 kwa yadi 7,414, wastani wa yadi 20 kwa kila mpira, pamoja na mabao 71.

Kilichofuata kinasikitisha. Pombe na dawa za kulevya zilimwandama, na mwaka 1979 alihukumiwa kifungo cha miaka mitano baada ya kukiri kosa la kumuuzia dawa askari kanzu. Alitumikia miezi kumi. Tangu hapo kila mjadala wa kumwingiza katika Jumba la Magwiji wa futiboli huko Canton, Ohio, uliishia gerezani, ingawa kanuni za jumba hilo huwataka wapigakura kupima yaliyofanyika uwanjani peke yake. Dallas yenyewe ilichelewa. Jina lake lilipandishwa katika orodha ya heshima ya klabu mwaka 2001, akiwa mgonjwa. Alifariki dunia Septemba 18, 2002 mjini Jacksonville kwa maradhi ya figo, akiwa na umri wa miaka 59.

Mwaka 2004 jina lake lilifika hatua ya mwisho na kukataliwa. Mwandishi mkongwe Paul Zimmerman, mmoja wa wapigakura, alijiuzulu kwa kupinga uamuzi huo. Januari 31, 2009, Hayes akapitishwa. Siku hiyo ilisomwa barua ya shukrani iliyodaiwa kuwa yake, yenye tarehe ya mwaka 1999, na wasikilizaji wakafutika machozi. Baadaye ikabainika kuwa imechapwa kwa herufi za Calibri, ambazo ziliwafikia watumiaji wa kawaida wa kompyuta mwaka 2007, miaka mitano baada ya kifo chake.

Kasi yake, kwa upande mwingine, haina ubishi. Mei 2021 mpokeaji wa Seattle, DK Metcalf, anayehesabiwa miongoni mwa wenye mbio zaidi katika ligi, alijaribu mita 100 huko California akitafuta nafasi ya kufuzu majaribio ya Olimpiki. Alikimbia kwa muda uliozidi kidogo sekunde 10.3 na hakufuzu. Njia ilikuwa ya kisasa, na viatu vyote viwili vilikuwa vyake.