Mbio za Baisikeli za Kuizunguka Rwanda

Malori yapitayo Singida kila siku, yakitoka Dar es Salaam na kuteremka mlima wa Sekenke kwenda Nzega na Kahama, mengi yake huvuka daraja la Rusumo na kuingia Rwanda. Kwa hiyo twaijua nchi ile kwa shehena zake. Lakini ziko habari nyingine za Rwanda zisizopakiwa katika malori, nazo zatuhusu sisi ambao baisikeli ndiyo punda wetu, ituchukuliayo maji, mkaa, magunia ya alizeti, na mara nyingine mgonjwa. Ni habari za mbio ziitwazo kwa Kifaransa Tour du Rwanda, maana yake kuizunguka Rwanda. Wapanda baisikeli hukimbia siku nane hivi, leo mji huu, kesho mji ule, na mwisho hurudi Kigali. Twataka kueleza mbio za namna hii zilitoka wapi, jinsi mtu awezavyo kuzifuata, na neno moja ambalo watu hubishana juu yake.

Asili yake ni Ufaransa, na sababu yake ya kwanza ilikuwa gazeti. Mwaka wa 1902 gazeti moja la michezo la Paris, jina lake L'Auto, lilikuwa halinunuliwi vizuri, maana lilishindwa na jirani yake Le Vélo. Ndipo mwandishi mmoja kijana, Géo Lefèvre, akamshauri mkuu wake Henri Desgrange wafanye mbio za kuizunguka Ufaransa nzima. Watu wangetaka kujua kila siku nani ametangulia, na ili wajue ingewapasa kununua gazeti. Mbio zikaanza tarehe 1 Julai 1903. Njia yote ilikuwa kilometa 2,428, imegawanywa katika vituo 6. Siku ya kwanza walitoka Paris hata Lyon, kilometa 467, karibu kama mtu atoke Singida mjini aende Dodoma na kurudi bila kulala njiani. Maurice Garin, ambaye zamani alikuwa mfagia dohani, alifika wa kwanza baada ya saa 17 na dakika 45. Walioanza safari ile walikuwa 60. Waliofika mwisho walikuwa 21, na Garin akiwa mbele yao wote. Gazeti likanunuliwa sana, na Le Vélo likafa.

Udanganyifu nao haukukawia. Mwaka uliofuata, 1904, wanne wa kwanza waliondolewa katika hesabu kwa hila zao, Garin akiwa mmojawapo, na ushindi akapewa Henri Cornet, kijana wa miaka 19.

Siku zile mpanda baisikeli hakuruhusiwa kusaidiwa na mtu ye yote. Iko habari moja ya sheria hiyo ambayo wahunzi wetu wa Iramba wangeipenda. Mwaka wa 1913 Eugène Christophe alikuwa akiteremka mlima wa Tourmalet, naye ana tumaini kubwa la kushinda mbio zote. Mara uma wa mbele, ule ushikao gurudumu, ukavunjika. Akaiweka baisikeli begani akatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 10 mpaka kijijini, akitazama wenzake wakimpita mmoja mmoja. Huko akaingia katika kiwanda cha mhunzi, akawasha moto, akafua chuma kwa mikono yake mwenyewe. Wasimamizi wa mbio walisimama mlangoni wakimwangalia asije akasaidiwa. Kazi ya uhunzi yataka mikono mitatu, nayo mtu anayo miwili. Basi mtoto mmoja akamvukutia mivukuto. Kwa kosa hilo Christophe akaadhibiwa kwa kuongezewa dakika katika hesabu yake! Mwaka wa 1919 wakuu wa mbio walianzisha desturi ya kumvika anayeongoza fulana ya manjano, rangi ya karatasi za gazeti lao L'Auto, na mtu wa kwanza kuivaa alikuwa huyo huyo Christophe. Na katika mbio hizo hizo, fulana ikiwa bado mwilini mwake na mwisho wa safari umekaribia, uma ukavunjika tena.

Sasa msomaji atauliza: ikiwa huyu ameshinda leo na yule kesho, mshindi ni nani? Jawabu ni hesabu ya kujumlisha. Kila siku huandikwa muda aliotumia kila mtu, na muda huo huongezwa juu ya ule wa jana. Tuseme Juma ashinda vituo vitatu, kila mara akimtangulia Petro kwa sekunde 5. Siku ya nne ni ya mlima, na Juma achelewa nyuma ya Petro dakika 2. Ukiziacha zawadi ndogo za sekunde ambazo mbio nyingine hutoa, Petro yuko mbele kwa sekunde 105, ingawa siku zile tatu hakuna aliyempigia makofi. Mwalimu yeyote aweza kuyaweka hayo ubaoni, na watoto watajumlisha muda bila kuchoka kwa sababu wataka kujua nani ameshinda. Tumeliita pando la siku moja kituo, kama ilivyokuwa desturi ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora, ikavuka pori la Mgunda Mkali huko Manyoni na Itigi. Katika pori lile, aliyekimbia siku ya kwanza akamaliza maji yake hakuonekana mbele siku ya tatu.

Lipo jambo la pili, nalo ni upepo. Hapa Singida hatuhitaji kufundishwa habari zake, maana kila aliyepanda baisikeli kiangazi amewahi kuona tambarare ikiwa nzito kuliko kilima. Anayekwenda nyuma ya mwenzake, karibu sana, hukingwa, na kazi yake hupungua kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo kila timu huwa na watu ambao kazi yao ni kukata upepo mbele ya mkubwa wao, kurudi nyuma kwenye motakaa kumchukulia maji, na hata kumpa gurudumu lao likitoboka lake. Wafaransa huwaita kwa neno lenye maana ya watumishi wa nyumbani. Majina yao hayasomwi sana, lakini mtu atazamaye mbio bila kuwajua hao huona rangi za nguo tu.

Basi tuje Rwanda. Mbio zao za kwanza zilikuwa mwaka wa 1988, na mshindi alikuwa Célestin Ndengeyingoma. Hazikupata kukua. Oktoba 1990 vita viliingia nchini, na mwaka wa 1994, tangu Aprili hata Julai, yakatokea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo yaliua watu zaidi ya 800,000. Serikali ya Rwanda husema wamepita milioni moja. Wasomaji wetu wa makamo watakumbuka habari za mwisho wa Aprili mwaka ule, watu karibu 250,000 walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja tu, wakaingia Ngara. Barabara ile ile ya malori ilikuwa imejaa watu kwa miguu, na godoro kichwani. Wengine walikuwa na baisikeli, lakini hawakuzipanda. Walizisukuma kwa kuwa zilibeba kila kitu kilichobaki.

Mbio zilirudi mwaka wa 2001. Fedha ilikuwa haba na baisikeli zilikuwa kuukuu, lakini watu walikuwako. Baadhi ya wapanda baisikeli wa miaka ile waliijua kazi yao kabla ya kuiita mchezo, maana walikuwa wachukuzi wa abiria na wa viazi katika nchi isiyo na tambarare. Abraham Ruhumuriza, ambaye alipata kula kwa kuchukua abiria kwa baisikeli, alishinda mbio hizo mara tano. Mwaka wa 2008 alishinda Adrien Niyonshuti. Huyu alikuwa mtoto wa miaka saba mwaka wa 1994, na ndugu zake sita waliuawa. Mwaka wa 2012 aliichukua bendera ya Rwanda mbele ya wenzake katika michezo ya Olimpiki ya London. Tumewahi kusikia watu wakisema kwamba baisikeli iliwaponya Wanyarwanda. Hilo ni neno kubwa mno, nasi hatulisemi. Twasema hivi tu: barabara ambazo mwaka wa 1994 ziliwekwa vizuizi vya kukagua watu na kuwaua, baadaye watu wa vilima vyote walisimama kandokando yake kungoja kitu kimoja kipite, wala hakuna aliyeulizwa kabila lake.

Mwaka wa 2009 mbio ziliingizwa katika orodha ya chama cha baisikeli cha dunia, na wageni wakaanza kushinda: Mmoroko, Mwaeritrea, Mmarekani, na Waafrika Kusini wawili. Wanyarwanda walingoja mpaka 2014, ndipo Valens Ndayisenga akawaondolea kiu. Akafuata Jean Bosco Nsengimana mwaka wa 2015, Ndayisenga tena 2016, Joseph Areruya 2017, na Samuel Mugisha 2018. Miaka mitano mfululizo!

Njia hubadilika kila mwaka, lakini yako mapando yanayopendwa. Liko la Musanze chini ya milima ya volkano hata Rubavu, ufukweni mwa ziwa Kivu. Liko la Rusizi hata Huye, lipitalo katika msitu wa Nyungwe, mahali palipoinuka zaidi ya meta 2,000 juu ya bahari, penye baridi na ukungu. Na mwisho liko la Kigali penyewe, ambako njia moja nyembamba iliyotandazwa mawe hupanda kilima kama ngazi. Wameiita Ukuta wa Kigali. Mtu aliyesukuma baisikeli yake kwa miguu kuupanda Sekenke atafahamu. Lakini hawa huzipanda, wala hawashuki. Kutazama hakuna kiingilio. Mbio hupita mlangoni pa mkulima, naye huacha jembe dakika kumi, akaona yale ambayo katika michezo mingine angelipia.

Ndipo twafika kwenye ubishi. Mwaka wa 2019 mbio zilipandishwa daraja, na timu zenye fedha nyingi za Ulaya zikaanza kuja. Tangu mwaka huo hata 2025 hakuna Mnyarwanda aliyeshinda mbio zote. Walishinda Waeritrea, Merhawi Kudus, Natnael Tesfatsion mara mbili, na Henok Mulubrhan. Kisha Mhispania, Mwingereza na Mfaransa. Mwaka wa 2023 alikuja hata Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyeanza kufundishwa na David Kinjah huko Kikuyu, kisha akaishinda Ufaransa mara nne. Basi wako wasemao kwamba Rwanda imeandaa karamu ambayo nyama yote huliwa na wageni, na ya kuwa ilikuwa heri zile mbio ndogo, wenyeji waliposhinda.

Malalamiko hayo si ya kupuuzwa. Baisikeli ya timu tajiri ina bei ambayo kijiji kizima chaweza kuishi kwayo muda mrefu, na kijana wa Musanze hawezi kuifidia kwa moyo tu. Lakini sisi twaona wamesahau habari za Eritrea. Waeritrea walishindana na wenye nguvu kuliko wao mwaka hata mwaka. Mwaka wa 2015 Daniel Teklehaimanot, ambaye alikuwa amekwisha kushinda Rwanda mwaka wa 2010, alivaa katika mbio za Ufaransa fulana ya madoadoa ya anayeongoza milimani, Mwafrika wa kwanza kuivaa. Na mwaka wa 2024 Biniam Girmay alishinda vituo vitatu vya Ufaransa na fulana ya kijani. Mtu hafiki huko kwa kushindana na jirani yake peke yake.

Mwaka wa 2025 ulikuwa wa majaribu. Mwezi wa Januari mji wa Goma ulitekwa vitani, nao umepakana na Rubavu. Timu moja ya Ubelgiji ikaacha kuja, na wengine wakauliza kama ni haki kucheza karibu na watu wanaokimbia makwao. Swali hilo lilikuwa la haki, na mbio hazikulijibu. Zilikimbiwa, na siku ya mwisho ikavunjwa na mvua kubwa mjini Kigali. Septemba mwaka huo huo Kigali ikapokea mashindano ya dunia, mara ya kwanza kufanywa Afrika. Mbio za wanaume zilikuwa kilometa 267.5, kwenye vilima vile vile. Tadej Pogačar wa Slovenia alishinda, na katika watu zaidi ya 160 walioanza, 30 tu ndio waliofika mwisho. Wazungu wengi waliokuwa wakizoea kushinda kwao walishuka baisikeli kabla ya jioni.

Kuhusu wale wasemao kwamba wenyeji hawali kitu katika karamu yao, tutataja siku moja tu. Mwaka wa 2022, kituo cha mwisho kilichozunguka vilima vya Kigali, timu za Ulaya zikiwapo, aliyefika wa kwanza alikuwa Moise Mugisha, Mnyarwanda.